Kuipima Kelele: Sikio la Kusikilizia Duma

Mpunga ukishavunwa hapa Rau, mashine ya kukoboa huunguruma mchana kutwa. Mgeni husikia kelele. Aliyezoea husikia mkanda ukianza kulegea, na hujua mzigo ulioingia haujakauka vizuri kabla fundi hajainuka kwenye benchi. Sikio la namna hiyo ndilo linalohitajika kuipima albamu ya Duma.

Duma walikuwa wawili kutoka Nairobi: Martin Khanja kwenye sauti, Sam Karugu kwenye gitaa na mitambo. Jina lao ni la Kikuyu, maana yake giza. Albamu yao ya jina hilohilo, yenye nyimbo 9, ilirekodiwa Kampala na kutolewa Agosti 2020 na lebo ya Nyege Nyege Tapes. (Msomaji wa Tanzania asishtuke: kwa Waganda neno hilo ni hamu ya kucheza inayokupanda ghafla.) Ni metali kali iliyofungwa nira moja na muziki wa kompyuta, na ngoma nyingi humo hazikupigwa kwa mkono.

Usianze kwa sauti kubwa. Punguza mpaka uweze kuongea na mtu chumbani bila kupaza. Kelele mbovu ikipunguzwa hubaki mvumo mmoja, kama redio iliyopoteza stesheni. Iliyotungwa vizuri hubaki na matabaka. Chukua “Angels and Abysses”, wimbo unaofungua albamu. Fuata besi peke yake kwa dakika nzima, urudie, ufuate mkwaruzo wa juu. Ukiweza kuvitenganisha, ongeza sauti sasa.

Kasi ndiyo inayowadanganya wengi. Bendi ya Napalm Death ya Uingereza ilipotoa albamu ya Scum mwaka 1987, kasi yao ilikuwa na mpaka, maana mkono wa mpiga ngoma huchoka, na kule kupambana na uchovu kuna utamu wake. Kompyuta haichoki. Mtungaji dhaifu huiachia ikimbie tu. Dakika mbili baadaye sikio limezoea na mbio zimekuwa sawa na kusimama. Karugu huzikata mbio zake, huziangusha ghafla, kisha huzirudisha kutoka upande usioutazamia. Sisi tuliolelewa na singeli tuna mizani tayari. Sounds of Sisso, albamu ya singeli ya Dar es Salaam iliyotolewa na lebo hiyohiyo ya Nyege Nyege mwaka 2017, inapita midundo 200 kwa dakika na bado mguu unapata pa kukanyaga. Tafuta pa kukanyaga. Pasipokuwepo kabisa, mtungaji ameshindwa.

Kuhusu mayowe, sikiliza pumzi. Yowe la koo hukauka mapema. La tumboni huwa na uzito hata linapofifia. Khanja hupanda hadi mlio mwembamba na kushuka hadi mngurumo, na hata mitambo inapomchakaza bado unamsikia mtu ndani. Mwaka 2024, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa albamu ya The Adept kwa heshima ya Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau na bibi yake mkuu. Ukishajua hilo, rudi kwenye albamu ya 2020 uyasikilize mayowe yale upya.

Spika ya simu haifai, inameza besi yote. Azima hedifoni. Mimi husikiliza usiku, mashine ikishazimwa, na wimbo wa mwisho ukikatika ninawasikia vyura wa majarubani wakiwa wameshaanza.