Uzio wa Mizinga Sagalla: Unavyomzuia Ndovu na Unapoishiwa Nguvu

Mashamba ya Sagalla, katika Kaunti ya Taita-Taveta nchini Kenya, yamepakana na Hifadhi ya Tsavo Mashariki. Mahindi na pojo vikikaribia kuvunwa, ndovu huja usiku, na kundi moja likipita, jasho la msimu mzima limekwenda. Boma la miiba hawalijali. Uzio wa umeme huwazuia, lakini gharama ya kuujenga na kuutunza haibebeki kwa mtu mwenye ekari moja au mbili. Uzio wa mizinga ya nyuki ulibuniwa kwa ajili ya mkulima wa aina hiyo, na kwa maoni yangu ni kazi iliyofikiriwa vizuri kuliko wengi wanavyodhani.

Mwaka 2002, watafiti Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton walieleza kwamba ndovu huiacha migunga yenye mizinga. Mtafiti Lucy King akalipima jambo hilo Samburu kwa kuwachezea ndovu sauti ya nyuki waliochokozwa. Katika matokeo yaliyochapishwa 2007, familia 16 kati ya 17 ziliondoka ndani ya sekunde 80. Ngozi ya ndovu ni nene, lakini nyuki humpata kando ya macho, nyuma ya masikio na ndani ya mkonga. Baadaye ikajulikana pia kwamba akiwasikia hutoa mngurumo wa kuwaonya wenzake, kwa hiyo hata asiyewahi kuumwa hukimbia na kundi.

Ufundi wenyewe umo katika namna ya kuning'iniza. Mzinga haupigiliwi misumari kwenye nguzo. Huning'inizwa kwa waya katikati ya nguzo mbili, chini ya kipaa kidogo cha kivuli, ili uweze kubembea. Kila baada ya mita kumi hivi huja mwingine, na waya mmoja huiunganisha yote. Waya huo hufungwa kwenye mizinga, si kwenye nguzo, na hapo ndipo fundi asiye makini huharibu kazi. Ukifungwa kwenye nguzo, ndovu atakata waya au ataangusha nguzo na kupita huku nyuki wamelala. Ukifungwa kwenye mizinga, kifua chake kikiusukuma, mizinga ya pande zote mbili hutikisika kwa pamoja na nyuki hutoka, hata kama ni usiku.

Ekari moja huhitaji mizinga 12 yenye nafasi ya nyuki na 12 ya bandia, ambayo ni kipande cha mbao tu kilichopakwa rangi ya njano. Wapo wanaoiona ya bandia kama njia ya kubana matumizi, na kweli inapunguza gharama. Lakini faida yake kubwa ni kwamba malisho ya eneo kame hayawezi kulisha makundi 24 ya nyuki kuzunguka ekari moja. Ndovu gizani hana njia ya kujua upi mtupu. Harufu na mvumo wa nyuki wa jirani vinatosha kumtia shaka.

Matokeo ya utafiti wa miaka tisa kuhusu uzio huu Sagalla yalichapishwa 2024. Yalihusu mashamba 26 na ndovu wapatao 4,000 waliokaribia. Katika misimu ambayo mazao yalikuwa yamestawi zaidi, uzio ulizuia hadi asilimia 86. Kwa mbao na waya, hayo ni mafanikio makubwa. Asali iliyopatikana ilikuwa tani moja, yenye thamani ya dola 2,250 hivi. Ukiigawa kwa mashamba yale, ni karibu kilo 40 kwa shamba, kwa hiyo asimwambie mtu mkulima kwamba atatajirika. Thamani ya asali hapa ni nyingine: inamfanya mwenye shamba aukague uzio wake, aondoe mchwa kwenye nguzo, amzuie nyegere na kukaza waya uliolegea. Uzio usiotoa chochote husahaulika.

Udhaifu wake ni ukame. Ukame wa 2017 ulipunguza mizinga yenye nyuki kwa asilimia 75, na athari zake kwa asali na kwa ulinzi zilidumu miaka mitatu. Nyuki wakikosa maua na maji huhama, na ndovu anayezoea kupita kwenye mizinga mitupu atajifunza kutoiogopa. Jambo hili linanitia wasiwasi kuliko gharama, kwa sababu hofu ikishamtoka ndovu, si rahisi kumrudishia.

Kwa hiyo, wewe unayepanga kujenga, anza na nyuki kabla ya nguzo. Weka karai la maji lenye mawe ya kutulia nyuki karibu na mizinga, lijazwe kila siku wakati wa kiangazi. Acha migunga isimame, panda alizeti kando ya uzio, na uhakikishe mizinga ina nyuki kabla mahindi hayajaanza kubeba.