Hesabu ya Kupaa Katika Viwanja vya Porini

Ndege ndogo inaposhindwa kupaa kutoka kiwanja cha porini hali injini yake ni nzima, aghalabu chanzo huwa ni vikwazo vidogo vidogo ambavyo rubani alivijua kimoja kimoja, lakini hakuvizidisha pamoja. Kwa mujibu wa mwongozo wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza, uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, umbali wa kupaa hurefuka kwa asilimia 20. Majani makavu huurefusha kwa asilimia 20 nyingine, na mwinuko wa ardhi wa asilimia 2 huongeza asilimia 10. Ndege inayohitaji mita 400 kwenye lami tambarare itaonekana kuhitaji mita 600 iwapo nyongeza hizo zitajumlishwa, ilhali zikizidishwa, kama inavyopasa, jibu huwa takriban mita 634. Katika kiwanja cha mita 600, tofauti hiyo huishia vichakani.

Joto nalo hupunguza msongamano wa hewa, kiasi kwamba kiwanja kilicho mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, siku ya nyuzi 30 za Selsiasi, huifanya ndege ifanye kazi kana kwamba iko karibu mita 2,500. Katika kimo hicho injini ya pistoni isiyo na tabochaja hupoteza takriban robo ya nguvu zake, na mabawa, kwa kuwa hewa ni nyepesi, hudai mwendo mkubwa zaidi juu ya ardhi kabla ya kuibeba ndege.

Matuta huleta hatari ya namna yake, kwa sababu yanaweza kuirusha ndege hewani kabla haijafikia kasi ya kuruka. Karibu na ardhi, chini ya kimo kinacholingana na upana wa mabawa, ukinzani wa hewa hupungua. Hali hii, iitwayo athari ya ardhi, huishikilia ndege kwa muda, lakini rubani akiinua pua mapema ukinzani hurudi, na ndege hushuka tena. Mwezi Januari 1954, huko Butiaba, kando ya Ziwa Albert nchini Uganda, ndege ya De Havilland Rapide iliyombeba mwandishi Ernest Hemingway ilianguka na kuteketea ilipojaribu kupaa kutoka kiwanja kibovu, ingawa waliokuwamo walinusurika.

Kinga iliyo nyepesi hutokana na kanuni ya mwendo: kwa kuwa umbali hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, ndege ifikapo nusu ya kiwanja inapaswa kuwa na angalau asilimia 70 ya kasi ya kupaa. Jiwe lililopakwa chokaa katikati ya kiwanja latosha kuwa alama. Rubani anayelifikia akiwa chini ya kiwango hicho hana budi kuondoa nguvu ya injini na kufunga breki papo hapo, wakati nusu ya kiwanja ingali mbele yake.