Pima Hazina kwa Uzito Wake

Likasi ni mji wa shaba na kobalti. Hapa watu wanajua madini yanavyotoka ardhini: machafu, yamejaa udongo, malakiti ya kijani ikiwa bado imeng'ang'ania mwamba. Macho ya namna hiyo yanafaa sana kuhukumu filamu za zamani za kusaka hazina, hasa zile zilizotengenezwa kwa fedha kidogo. Ufukara si kosa. Uvivu ndio kosa. Vipimo ni vinne.

Kwanza, uzito. Ndoo ya lita 10 ikijaa dhahabu tupu hupita kilo 190. Shujaa akikimbia na sanduku zima mkono mmoja, hadithi imekufa. Mwongozaji hodari hahitaji dhahabu: mgongo ukipinda na visigino vikizama mchangani, tutaamini hata kama sanduku ni tupu.

Pili, mwanga. Mgodini mwanga ni ule uliobebwa. Mwenge ukisogea, kivuli nacho kisogee. Pango linalong'aa kila pembe limejengwa studio, tena kwa haraka. Giza halinunuliwi; fundi maskini hulitumia vizuri.

Tatu, picha za kuazima. Filamu ya Watusi ya Kurt Neumann, iliyotoka 1959, ilitumia picha zilizopigwa kwa ajili ya King Solomon's Mines ya 1950, filamu iliyompatia Robert Surtees tuzo ya Oscar ya upigaji picha. Kuazima si aibu. Kinachopimwa ni mshono. Je, jua limebaki upande uleule? Rangi ya nyasi inalingana? Mchezaji na mnyama anayemkimbia wanaonekana pamoja hata mara moja?

Nne, watu. Wabeba mizigo wana majina? Wana sababu yao ya kusafiri? Katika King Solomon's Mines ya 1937, Umbopa, aliyeigizwa na Paul Robeson, anarudi kudai kiti chake cha enzi. Wageni wana safari yao, naye ana yake, na filamu nzima inapata uhai.

Kipimo hiki cha nne ndicho kikubwa. Sanduku jepesi, pango la studio na mshono mbaya tunaweza kuvisamehe kwa sababu ya bajeti. Lakini kumpa mbeba mizigo jina na nia hakugharimu hata faranga moja. Filamu ikishindwa hapo, usiisamehe.