Muhuri si Upekuzi: Kazi ya Wakili katika Mauzo ya Nyumba Makandana

Nyumba inapouzwa Makandana, kata ya Mji Mdogo wa Tukuyu inayojulikana zaidi kwa hospitali ya Wilaya ya Rungwe, mara nyingi wakili huitwa mwishoni, wakati bei imekwisha kukubaliwa, dalali amekwisha kudai chake na mwenyekiti wa kitongoji amekwisha kushuhudia, hivyo kwamba kinachofuatwa ofisini kwake ni saini na muhuri tu. Utaratibu huo hupindua mambo, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi ya wakili inahusu hatua zinazopaswa kukamilika kabla mnunuzi hajatoa hata malipo ya awali.

Hatua ya kwanza ni kujua kinachouzwa hasa. Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, ambazo zilianza kutumika Mei 1, 2001, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na anachohamisha muuzaji ni haki ya kumiliki na kutumia, ambayo kwa ardhi iliyotolewa hati miliki haizidi miaka 99, ilhali haki ya kimila kijijini inaweza kuwa ya muda usio na ukomo. Tukuyu ina ugumu wake katika jambo hili, kwa sababu mji ni mdogo na vijiji vimeuzunguka, kiasi kwamba mwendo mfupi hutosha kumtoa mtu kwenye kiwanja kilichopimwa chenye hati, kumpitisha eneo lisilopimwa ambalo uthibitisho wake ni karatasi ya mauziano pekee, na kumfikisha kwenye ardhi ya kijiji. Mahakama ya Rufani imekwisha kuamua kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili, na idhini hiyo ni uamuzi wa kikao wenye muhtasari, si saini ambayo mwenyekiti huiweka peke yake barazani kwake.

Kiwanja kikiwa na hati, hufuata upekuzi, yaani maombi rasmi kwa Msajili wa Hati, ambaye kwa Rungwe ofisi yake iko Mbeya mjini, ili aonyeshe jina la mmiliki aliyesajiliwa, rehani kama ipo, na zuio lolote lililowekwa na mtu anayedai haki katika mali hiyo. Nakala ya hati iliyo mkononi mwa muuzaji haiwezi kuchukua nafasi ya upekuzi, maana hati inaweza kuwa halisi na bado nyumba ikawa na zuio la mahakama lililoandikwa wiki iliyopita. Pale ambapo kiwanja hakijapimwa, daftari la Msajili halina la kusema, na wakili makini hulazimika kuutafuta ukweli kwa majirani wanaopakana, kwa wazee wa ukoo, katika ofisi ya kata na katika masjala ya mahakama.

Katika nchi ya Wanyakyusa, ambako marehemu mara nyingi huzikwa karibu na makazi yake, kando ya migomba, makaburi nayo ni ushahidi unaostahili kuulizwa: aliyelala hapo ni nani, watoto wake wako wapi, na mirathi yake ilifunguliwa lini? Mabadiliko ya umiliki wa ardhi ya Rungwe si jambo la jana, kwani mwanaanthropolojia P. H. Gulliver alikwisha kuyaandikia kitabu mwaka 1958, lakini thamani ya kiwanja mjini na ya shamba la parachichi pembezoni mwake imeyafanya maswali hayo kuwa ghali zaidi. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo, hata ukijaa saini za wajomba na mashangazi, humpendekeza msimamizi bila kumpa mamlaka ya kuuza. Vilevile kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na ridhaa hiyo inafaa ichukuliwe kwa maandishi kutoka kwa mwenza mwenyewe, wala isihesabiwe kuwa imetolewa kwa sababu alikuwapo akipika chai wakati bei ikijadiliwa.

Baada ya hapo ndipo mkataba huandikwa. Sheria ya Ardhi inataka makubaliano ya kuhamisha haki yawe na maandishi, na Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inakataza mtu asiye na sifa kuandaa hati za aina hiyo kwa malipo, tena inamtaka aliyeiandaa aandike jina na anwani yake juu yake. Kwa kuwa vishoka, yaani wanaojifanya mawakili, hawajaisha, ni busara kuthibitisha kwamba aliyeajiriwa ana leseni ya mwaka husika, jambo ambalo siku hizi huangaliwa katika mfumo wa kielektroniki wa Mahakama.

Ipo kasoro nyingine ambayo hata mawakili wenye leseni huipita haraka. Wakili Tanzania kwa kawaida ni pia kamishna wa viapo, mwenye mamlaka ya kuapisha watu na kushuhudia saini zao, lakini kifungu cha 7 cha sheria inayohusu kazi hiyo, Sura ya 12, kinamkataza kutumia mamlaka hayo katika jambo ambalo yeye ni wakili wa upande mmojawapo au ana maslahi nalo. Maana yake ni kwamba anayemshauri mnunuzi hapaswi kuwa yuleyule anayemwapisha. Mazoea ya wakili mmoja kuandika mkataba, kuzishauri pande zote mbili na kugonga muhuri, ambayo husifiwa kwa kupunguza gharama, humwacha mnunuzi bila mtu wa kumwambia kwamba sharti fulani linamuumiza. Uingereza, ambako mengi ya mapokeo haya yalitoka, kila upande kwa kawaida huwa na mwanasheria wake.

Suala la fedha huanzia kwenye bei inayoandikwa. Muuzaji mkaazi hudaiwa kodi ya asilimia 10 ya faida itokanayo na mauzo, au, tangu Sheria ya Fedha ya 2023, asilimia 3 ya thamani ya mauzo pale asipokuwa na kumbukumbu za gharama zake. Nyumba aliyoimiliki na kuishi kwa angalau miaka 3 husamehewa ikiwa faida haizidi shilingi milioni 15. Ushuru wa stempu kwa uhamisho wa kawaida ni asilimia 1. Ndiyo maana pande mbili hushawishika kuandika bei ndogo kuliko iliyolipwa, hila ambayo mthamini wa Serikali anaweza kuifuta, na ambayo madhara yake humwangukia mnunuzi zaidi, kwani mauzo yakibatilishwa, mkataba wenyewe utashuhudia kwamba alilipa kidogo. Asilimia 10 ya bei ambayo ofisi nyingi za mitaa na vijiji zimezoea kudai kwa kushuhudia ni suala tofauti, na haina msingi katika Sheria ya Ardhi.

Uhamisho wa kiwanja chenye hati hukamilishwa kwa fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, yaani taarifa ya uhamisho, maombi ya kibali na hati ya uhamisho yenyewe, na mpaka Msajili aiandikishe hii ya mwisho, haki haijahama kisheria hata kama mnunuzi amekwisha kuhamia na kupaka rangi. Mgogoro ukizuka, Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 limebakiziwa upatanishi tu, haliwezi kuuamua, hivyo shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lililoko Tukuyu, na huko mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru huo ulipwe pamoja na adhabu yake.