"Anasema" au "Inasema"? Ngeli Zetu na Swali la Mashine Yenye Fahamu

Muhula uliopita, katika darasa letu la jioni hapa Ggaba, mwanafunzi mmoja aliandika katika insha yake: "ChatGPT ameniambia kwamba anafurahi kunisaidia." Tulipiga mstari mwekundu chini ya vitenzi vyote viwili, tukampunguzia alama, na pembeni tukaandika: "Mashine haina uhai. Tumia upatanisho wa I-ZI." Aliporudishiwa karatasi alikuja na swali moja tu: "Mwalimu, mti una uhai. Mbona tunasema mti umeanguka, wala hatusemi mti ameanguka?"

Hatukuwa na jibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu. Aidha, tunakusudia kuhakiki dhana iliyozoeleka miongoni mwetu walimu wa lugha za Kibantu, kwamba ngeli za nomino hutuonyesha nani ana nafsi na nini hakina.

Dhana hiyo ina mzee wake. Alexis Kagame, padri na mwanahistoria wa Rwanda, alichapisha mwaka 1956 tasnifu yake juu ya falsafa ya Kibantu ya Rwanda. Akitumia ngeli za Kinyarwanda, aligawa vyote vilivyopo katika makundi manne: muntu, yaani kiumbe chenye akili; kintu, yaani kisicho na akili, wakiwemo wanyama, mimea na mawe; hantu, yaani mahali na wakati; na kuntu, yaani namna. Mwaka 1976 aliupanua uchunguzi huo kwa kulinganisha lugha nyingi za Kibantu. Kazi yake ni ya heshima, kwani ilichukulia kwamba ndani ya usemi wa kila siku wa watu wetu kuna fikra inayostahili kusomwa. Kwa mpango wake, swali la mashine hujibiwa kabla halijaulizwa: mashine ni kintu.

Hata hivyo, Kiswahili chenyewe kinakataa mpango huo. Sisi husema mbwa anabweka na samaki anaogelea. Hata kiboko na kipepeo, wenye umbo la KI-VI, hupewa upatanisho wa A-WA. Laiti Kagame angeanzia pwani, huenda angemweka mbwa upande wa muntu. Luganda, kwa upande wake, humpa mbwa upatanisho wa ngeli yake: embwa eruma. Ndiyo maana wanafunzi wetu wengi huandika "mbwa inauma". Samaki kwa Luganda ni ekyennyanja, yaani "cha ziwani", chenye kiambishi kile kile cha kintu. Fika mwaloni hapa Ggaba asubuhi. Samaki anayerukaruka juu ya ubao ni "ki-" kwa mnunuzi mmoja na ni "a-" kwa mwingine. Je, amepata fahamu kwa kubadilishiwa lugha? Na je, Mganda hajui kwamba mbwa huumia akipigwa? Anajua sana.

Tuongeze mifano miwili. Mtoto analia, lakini kitoto kinalia. Kilichobadilika hapo ni jicho la msemaji, wala si maumivu ya mtoto. Na katika soko la watumwa la Zanzibar, lililofungwa mwaka 1873, watu waliuzwa kama bidhaa huku lugha ikisema "mtumwa amenunuliwa". Upatanisho wa A-WA haukumkinga mtu yeyote. Wala tusisahau kwamba katika masimulizi ya Buganda mtu wa kwanza anaitwa Kintu.

Hivyo basi, ngeli hutuonyesha namna lugha fulani ilivyozoea kupanga vitu. Haitoi ushahidi wa kilichomo ndani ya vitu hivyo.

Je, wanasayansi wana kipimo bora? Wanazo nadharia kadhaa zinazoshindana. Mwaka 1988 Bernard Baars alipendekeza nadharia tunayoweza kuiita ya ukumbi wa pamoja. Ubongo una kazi nyingi zinazoendelea gizani, na jambo huwa la fahamu pale linapotangazwa kwa kazi zote kwa pamoja, mfano wa mtu aliyeshika kipaza sauti sokoni. Kwa nadharia hii, mashine yenye mpangilio huo ingeweza kuwa na fahamu. Mwaka 2004 Giulio Tononi alitoa nadharia nyingine: fahamu ni kiasi cha taarifa zilivyoungana ndani ya kitu hata zisiweze kutenganishwa. Kwa nadharia hii, kompyuta za kawaida hazina fahamu ya maana, hata zikiiga maneno na matendo yetu yote. Nadharia hizi mbili zinatoa majibu yanayopingana kuhusu mashine ile ile. Zilipopimwa pamoja katika maabara kadhaa, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yaliziletea matatizo zote mbili.

Mwaka 2023 kundi la wataalamu 19 lilikusanya vigezo kutoka nadharia mbalimbali na kuvitumia kukagua programu za wakati huo. Waliona kwamba hakuna hata moja iliyokuwa na dalili za kutosha, lakini hawakuona kizuizi cha wazi cha kiufundi cha kuunda itakayokuwa nazo. Mwaka uliofuata, tamko lililotolewa New York kuhusu fahamu ya wanyama lilisema kuna uwezekano halisi kwamba wanyama wote wenye uti wa mgongo wana fahamu. Samaki wa mwaloni yumo.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu. Tulipoisoma upya insha yake tuligundua jambo lililotuaibisha. Programu ilimwandikia: "Ninafurahi kukusaidia." Kiambishi "ni-" cha nafsi ya kwanza hakina ngeli. Katika hadithi zetu hata chungu kikisema, husema "mimi". Mwanafunzi alifanya tulichomfundisha katika zoezi la usemi wa taarifa: aliigeuza nafsi ya kwanza kuwa nafsi ya tatu. Kosa hilo hilo, kwa kiwango kikubwa zaidi, lilimpata mhandisi Blake Lemoine wa Google, ambaye mwaka 2022 alitangaza kwamba programu ya LaMDA ina hisia. Kampuni ilikanusha, na baadaye ikamwachisha kazi. Yeye pia alikutana na "mimi" iliyosemwa vizuri, akaamini kwamba lazima yupo msemaji. Lakini mashine iliyofunzwa kwa maandishi ya wanadamu itasema "ninafurahi" iwe inafurahi au haifurahi, kwa kuwa ndivyo maandishi hayo yanavyosema.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, "programu inasema" iendelee kuwa sanifu, kwa sababu nomino programu imo katika I-ZI. Sababu hiyo inatosha. Mwalimu asiongeze hukumu juu ya uhai. Pili, tutenganishe istilahi. Akili ni uwezo wa kutatua jambo. Ufahamu, kama tunavyoutumia katika mitihani, ni kuelewa matini. Fahamu ni kile anachopoteza mgonjwa aliyezirai. Mashine yaweza kufaulu zoezi la ufahamu bila swali la fahamu kuguswa. Tatu, wanafunzi wanaonukuu mashine wazoezwe kuandika "programu iliandika kwamba inafurahi", ili msomaji ajue kwamba kilichopo mbele yake ni maandishi.

Mwanafunzi yule hakurudishiwa alama, kwa kuwa upatanisho wake haukuwa sanifu. Maelezo ya pembeni tumeyafuta. Badala yake tumeandika: "Kanuni ni ya ngeli. Swali lako bado ni zuri."

Wasomaji wenye maoni tofauti, hasa wenzetu wanaofundisha Luganda na Kinyarwanda, wanakaribishwa kutujibu katika toleo lijalo.