Umbo la Shada Husomwa Kwenye Ncha

Anayetaka kujua shada la maua limepangwaje aachane kwanza na rangi. Aangalie ncha za maua ya pembezoni zimefika wapi, na vikonyo vyote vinaelekea kukutana wapi. Akiziunganisha ncha hizo kwa jicho, umbo linajitokeza, na umbo humwambia mtazamaji alikusudiwa kukaa upande gani.

Pembetatu hutengenezwa kwa ajili ya kutazamwa kutoka mbele, kwa hiyo mahali pake ni ukutani, madhabahuni au jukwaani. Sponji inayoshikilia vikonyo chomboni huachwa izame majini yenyewe. Ikikandamizwa, hewa hubaki ndani na maua hunyauka mapema. Ua la kwanza kuchomekwa ni refu na lililonyooka, kama gladiola. Hukaa katikati, nyuma kidogo, na kimo chake kilichozoeleka ni mara moja na nusu ya chombo. Mawili mafupi zaidi hulazwa kulia na kushoto, karibu na ukingo. Ncha tatu zimepatikana, na hakuna ua litakalofuata linaloruhusiwa kuvuka mistari inayoziunganisha. Waridi zilizochanua hukaa chini katikati, matumba hupanda juu. Uzito ukihamia juu, shada huonekana linataka kuanguka hata kama chombo ni kizito.

Upepeo hufanana na pembetatu, ila ncha zake ni nyingi na zote ziko umbali mmoja kutoka kitovuni, zikifanya nusu duara. Kuba ndilo shada la meza ya wageni, kwa kuwa halina mgongo: lizunguke, kila upande ni uleule. La meza kuu hulala, refu kwa upana na fupi kwa kimo, ili maharusi waonekane.

Wanaojifunza huchanganya zaidi hilali na umbo la S. Hilali ina mikono miwili isiyolingana, yote ikipinda kuelekea upande mmoja, na uwazi ulio kati yake ni sehemu ya umbo. Ukiujaza maua, hilali imekufa. Katika S, mkono mmoja hupanda ukipinda huku, mwingine hushuka ukipinda kule. Wapambaji huunasibisha mkunjo huo na mchoraji Mwingereza William Hogarth, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1753 aliutetea kuwa ndio mstari wa uzuri. Kwa kuwa mkono wa chini hupita ukingo, S hudai chombo kirefu. Kwenye bakuli mkono huo hulala mezani na mkunjo hupotea.

Pembetatu ikiwekwa katikati ya meza ya wageni, nusu yao watatazama sponji na vikonyo jioni nzima, hata maua yawe mazuri vipi. Mpambaji makini humuuliza mteja wageni watakaa wapi kabla hajanunua ua hata moja.