Kuipima Filamu Iliyotoka Riwayani

Anayetoka sinemani akihesabu yaliyoachwa hajaanza kuipima filamu. Riwaya nzima haienei katika saa moja na nusu, na kuacha jambo peke yake si kosa. La kuuliza ni mkato huo umemfanya nini mhusika.

Chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, na filamu ya Amil Shivji yenye jina lilo hilo, iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Kitabuni, Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa Raza, mtu wa kumzaa. Anahamia naye Mombasa, anamtoroka, anarudi Unguja, jamaa zake wanamkataa, na Mwajuma wa mtaa wa Ng'ambo ndiye anayempokea. Denge, mpigania uhuru, anamkuta baada ya misukosuko hiyo. Filamuni wanakutana usiku, Yasmin akiwa angali njiani kwenda kuolewa.

Hapo ndipo pa kukazia macho. Faida naiona: mapenzi na siasa za Unguja ya miaka ya 1950 vimefungwa fundo moja tangu mwanzo. Lakini Yasmin wa kitabuni alimkimbia Raza kabla hajamjua Denge. Uasi wake uliyatangulia mapenzi. Denge akiingia mapema, mtazamaji hakosei sana akidhani yeye ndiye aliyemfungua. Kwa hili ushindi nampa Shafi.

Kisha tega sikio. Msimulizi wa Shafi ni msemaji, huingia kifuani mwa mhusika na kutueleza kinachomchoma. Kamera haina ulimi huo. Mwongozaji mvivu huwapa wahusika mazungumzo marefu ya kujieleza, watu wanaoishi nyumba moja wakisimuliana mambo wanayoyajua wote (nikisikia hivyo huanza kutafuta viatu vyangu). Shivji ameegemea picha iliyotulia na muziki, na nafasi ya Mwajuma amempa Siti Amina, mwimbaji wa taarabu. Uteuzi huo unafanya kazi ya kurasa nyingi.

Lafudhi nayo isikilizwe, ingawa kwa filamu iliyopigwa Zanzibar hilo halinisumbui sana.

Mwisho, mkalishe pembeni mtu asiyekisoma kitabu. Akiuliza kwa nini Denge anasakwa na polisi, filamu imekiachia kitabu kazi yake. Akiuliza Yasmin atalala wapi kesho, usimjibu, mwache atazame.